UZI: Tamasha la kimataifa la Nairobi "huwa" lini?

FundiTaa (mleta uzi)

Wakuu, naomba tuliongee hili kwa kina maana limenikaa rohoni muda mrefu.

Mimi ni fundi wa taa za jukwaani. Miaka kumi na minne nimepanda na kushuka ngazi za kumbi za jiji hili, na nimewamulika wageni kutoka pande nyingi za dunia. Lakini onyesho ambalo halinitoki kichwani halikuwa na taa hata moja.

Ilikuwa kabla ya saa moja asubuhi, nje ya Kenya National Theatre, pale Harry Thuku Road. Nilikuwa nasubiri lori liniletee vyuma vya kufungia taa kwa kazi nyingine kabisa. Nikaona mkokoteni unakuja kutoka upande wa mjini, umebeba ngoma zilizofungwa kwa mablanketi, na nyuma yake watu kumi na saba wanatembea kimya, mabegi mgongoni. Walikuwa wamesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Kampala. Kiongozi wao, mama wa makamo, akanionyesha barua ya mwaliko wa tamasha moja la kimataifa ambalo silitaji. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku ile ile. Kumbe tamasha lilikuwa limesogezwa mbele wiki mbili na habari hazikuwafikia.

"Kaka, ndipo hapa?" akaniuliza.

Ndipo, mama. Ila mlango umefungwa.

Wakateremsha ngoma. Baridi yetu ilikuwa imeilegeza ngozi ya engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda inayowambwa kwa ngozi ya kenge, ikawa ukiipiga inalia kama ndoo. Kijana mmoja akaipeleka kwenye jiko la mama wa chai aliyekuwa kando ya barabara. Akawa anaizungusha juu ya makaa, kiganja chake kiko kati ya moto na ngozi kupima joto. Anaigonga kwa vidole viwili, anasikiliza, anairudisha motoni. Nadhani alifanya hivyo dakika kumi nzima bila kuongea na mtu. Mlio ulipokaza akainua macho kwa wenzake, na wakaanza.

Walicheza kama nusu saa kwenye ile nafasi ya magari. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliokuwa wakiwahi kipindi cha saa mbili wakasimama. Walinzi wa hoteli ya ng'ambo wakavuka barabara. Mama wa chai akaacha kuuza. Kisha msichana mmoja, vitabu kifuani, akanigeukia akidhani mimi ndiye mwenyeji: "Hili tamasha huwa lini?"

Liangalieni neno lake. Angeweza kuuliza "ni lini", lakini aliuliza "huwa lini". Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima miji kwa neno hilo. Tamasha la Edinburgh, Scotland, huwa Agosti. Walianza 1947, vita vimeisha miaka miwili tu nyuma, Waingereza bado wanakula kwa mgao. Aliyelianzisha ni Rudolf Bing, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza. Makundi manane yakaja bila kualikwa, yakajitafutia kumbi pembeni, na hiyo ya pembeni, wanayoiita Fringe, leo imekuwa kubwa kuliko lile tamasha la mwaliko. Kwangu mimi fundi wa taa kuna kisa kimoja hapo kinachonigusa kuliko vyote. Ngome ya mji ilikuwa haiwezi kumulikwa usiku kwa sababu nishati ilikuwa haba, na wakazi wakajitolea makaa ya mawe ya mgao wa nyumbani kwao ili taa ziwashwe. Mtu aliyetoa makaa ya kupashia nyumba yake moto hawezi tena kusema tamasha ni la wageni.

Avignon kule Ufaransa nao walianza 1947, Jean Vilar akiigiza na wenzake katika ua wa kasri la Mapapa. Huwa Julai. Afrika Kusini kuna Makhanda, mji mdogo tu wa chuo, uliojulikana kama Grahamstown hadi 2018. Tamasha lao la kitaifa la sanaa lipo tangu 1974, na huangukia majira yao ya baridi, Juni kuingia Julai. Zanzibar wana Sauti za Busara tangu 2004, Ngome Kongwe, Februari. Mtu wa Oslo au Dakar anajua mwezi wa kukata tiketi bila kuuliza.

Sasa sisi. Tuna Kenya National Theatre iliyokarabatiwa ikafunguliwa upya 2015. Tuna Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani pale mjini, na wengi wetu tulijifunzia kazi pale. Tuna Sarakasi Dome pale Ngara, iliyokuwa sinema ya Shan. Tuna Bomas. GoDown ilizaliwa 2003 ndani ya Industrial Area ikalea wachezaji ngoma na wanamuziki wa kizazi kizima. Ndege zinatua hapa kutoka kila upande. Matamasha ya kimataifa ya maigizo tunayo, tena mengine yana watu wanaojinyima kweli kweli ili yafanyike. Lakini nenda barabara ya Moi sasa hivi, muulize mtu yeyote tamasha kubwa la jukwaani la jiji lake huwa mwezi gani.

Naamini jambo la kwanza tunalokosa ni tarehe isiyosogea. Ukumbi mzuri bila tarehe ni jengo. Tarehe ikikaa, kundi la Kampala litajipanga, hoteli itajipanga, mwalimu atajipanga, mama wa chai atanunua maziwa ya ziada.

Pendekezo langu: wiki ya pili ya Agosti. Ndio wakati watalii wa nyumbu wa Maasai Mara wanapitia Nairobi, wanalala usiku mmoja, na hatuna cha kuwaonyesha isipokuwa chumba cha hoteli. Karibuni.

---

KayoleHadiTao

Mkuu, hadithi ya engalabi imenishika. Lakini Agosti umekosea, na kosa lenyewe ni kubwa. Uchaguzi mkuu wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. 2017 ilikuwa hivyo, 2022 hivyo, 2027 hivyo. Wiki ile watu wamenunua unga wa mwezi, maduka ya Luthuli yamefunga milango ya chuma, mabasi ya mashambani yamejaa. Utamleta mgeni wa Senegal aje amwigizie nani? Ukisogeza mwaka huo mmoja, basi tarehe yako tayari imesogea.

La pili. Unataja kumbi zote za upande mmoja wa mji. Kwetu kuna social hall ya Kaloleni, ilijengwa enzi za mkoloni, wazee wanasema siasa za uhuru zilipikwa mle ndani. Kuna Makadara, kuna Jericho. GoDown walipoanzisha tamasha la Nai Ni Who 2013 waliipeleka mitaani, mtaa mmoja baada ya mwingine, watu wakatembezwa na wenyeji wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliojua mtaa wa tatu kutoka kwetu kwa mara ya kwanza siku ile. Kama tamasha litaishia Museum Hill na Loita Street, sifa zitakwenda Ulaya kabla hazijafika Kayole.

---

FundiTaa

Agosti naiondoa. Sikuwa nimeifikiria na ni kosa langu. Asante.

Kaloleni naijua, nimefunga taa pale. Stima ya mle haibebi mzigo mkubwa, unahitaji jenereta. Lakini kuta zinarudisha sauti vizuri, mwigizaji anasikika bila kipaza sauti hadi mlangoni.

---

MzeeWaShauriMoyo

Vijana, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana mnazungumzia tarehe na mimi nakumbuka siku ambazo shida ilikuwa mlango.

Ukumbi wa Kenya National Theatre ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Haukujengwa kwa ajili ya mtu wa Shauri Moyo. Hata baada ya uhuru, miaka kumi na zaidi, ratiba yake ilikuwa imejaa michezo ya kuchekesha kutoka London. Oktoba 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kwenda FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Michezo yetu miwili iliteuliwa: ule wa Dedan Kimathi wa Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Ilipewa siku chache tu pale ukumbini, imebanwa katikati ya maonyesho ya wageni.

Nilikuwa kijana, nilikwenda kwa miguu. Usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi watu hawakukubali uishe. Waigizaji waliposhuka kupitia katikati yetu wakiimba, tuliinuka tukawafuata, tukatoka nao hadi nje, barabarani, mbele ya hoteli ya Norfolk. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja amevaa koti la mvua na hapakuwa na mvua. Alikuwa analia na kucheza kwa wakati mmoja. Sikumjua na sijamwona tena.

Mwaka uliofuata mnajua yaliyotokea Kamĩrĩĩthũ. Wanakijiji walijijengea jukwaa lao la wazi Limuru, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo alioandika Ngũgĩ na mwenzake, kwa Kikuyu. Mchezo ukapigwa marufuku, Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwisho wa 1977, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mchezo ule ule ukaja kuchezwa ndani ya Kenya National Theatre Mei 2022. Nilipelekwa na mjukuu wangu. Nilikaa safu ya sita.

Kwa hiyo mimi nikisikia "tamasha la kimataifa" nauliza kwanza: wenyeji wataingia kwa mlango upi? Sifa ya Lagos 1977 kwangu ni kwamba Mkenya alipanda ndege kwenda kuonyesha mchezo wake, badala ya kukaa akisubiri wa kuletewa.

---

MamaWaMaleba

Mzee, nimesoma maneno yako mara mbili. Asante sana.

Mimi hushona na kutunza maleba ya makundi matatu. Nataka niongeze jambo ambalo watazamaji hawalioni. Kundi la nje likija, mafundi wetu hufundishwa kazi nyingi zaidi kwa siku tatu kuliko tunavyofundishwa kwa mwaka. Nilifanya kazi na kundi la ngoma kutoka Afrika Magharibi, mshonaji wao akaniona nikifunga vazi kwa zipu mgongoni. Akaitoa. Akaniwekea utepe wenye vifungo vya kubana, akanionyesha mchezaji anavyovuka nyuma ya pazia, anabadilisha nguo ndani ya sekunde nane, anarudi upande wa pili. Tangu siku hiyo sijatia zipu kwenye vazi la kubadilishwa haraka. Wasichana wanne niliowafundisha nao hawatii. Hiyo nayo ni sifa ya jiji, ipo mikononi mwetu, hata kama haionekani kwenye bango.

---

ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi, na napenda maigizo kuliko kitu chochote. Naombeni mniamini nikisema kwamba katika miaka yangu yote ya kwenda maonyesho ya jioni, ni mara chache sana nimeona mwisho. Onyesho linaanza saa kumi na mbili na nusu, kwa maana ya saa moja na kitu. Ikifika saa tatu kasorobo naanza kutazama simu. Naishi Githurai. Nikichelewa stejini, nauli imepanda, na ikinyesha inapanda mara mbili. Natembea peke yangu kutoka ukumbini hadi stejini huku nimeshika funguo mkononi. Basi nainuka, napita mbele ya magoti ya watu nikiomba radhi, na sijui kama yule binti wa kwenye mchezo aliolewa au alikufa.

Mnaongea tarehe, naunga mkono. Lakini weka na matatu mbili nje ya mlango, moja ya Thika Road na moja ya Jogoo Road, zinazoondoka dakika ishirini baada ya pazia. Iandikwe kwenye tiketi. Nitalipa kwa M-Pesa pamoja na kiingilio, kwa furaha. Wenye magari hawatalielewa hili, lakini viti vya nyuma vinavyobaki wazi baada ya saa tatu ni vya watu kama mimi.

---

KayoleHadiTao

Dada umesema kweli tupu. Na Kangundo Road usiisahau.

---

FundiTaa

Hili la matatu nimelinakili neno kwa neno. Kutoka juu kwenye kibanda cha taa nawaona wanaoinuka. Nilidhani wamechoshwa na mchezo. Niwie radhi.

---

MpwaniWaEastleigh

Assalam aleikum wote. Mimi mzaliwa wa Lamu, nimehamia huku, na Busara nimekwenda miaka mingi. Ushauri wangu: tuwafuate wao nyuma. Msanii wa Mali au Réunion akishafika Unguja Februari, nauli kubwa ameshalipa. Kutoka pale hadi Nairobi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege. Tukikaa wiki mbili baada yao, mwisho wa Februari, tunapata wageni wa daraja la juu kwa nauli ndogo, na wao wanapata kituo cha pili cha kazi. Mwisho wa Februari Nairobi ni jua na ukavu, masika hayajaingia. Jukwaa la nje linawezekana. Kampala wana tamasha lao la kimataifa la maigizo tangu 2014, Kigali wana Ubumuntu tangu 2015 pale kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari. Miji hii ikipangana vizuri, kundi moja linaweza kuzunguka ukanda wote.

Kuna jambo la kutazama. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na miaka hii inapita hapo hapo Februari. Lakini ndugu zangu, Ramadhani huzunguka mwaka mzima, hakuna tarehe itakayoikwepa daima. Tarehe ibaki. Mwaka ikigongana, maonyesho ya Eastleigh yaanze baada ya tarawehe, na pawe na futari mlangoni kwa wote. Kwetu usiku wa Ramadhani ndio watu wako macho. Msituondoe kwenye hesabu mkidhani mnatuheshimu.

---

DaftariNaKalamu

Nimekuwa mweka hazina wa vikundi viwili vya sanaa. Naongeza la pesa, kwa kifupi. Tarehe huwa haisogezwi na msanii, husogezwa na pesa iliyochelewa. Ukimtegemea mfadhili mmoja, kalenda ni yake. Harare walikuwa na HIFA tangu 1999, tamasha lililosifiwa bara zima, lilivumilia hata mwaka wa 2008 pesa yao ilipokuwa makaratasi tu. Mwisho likasimama. Tuanze kwa udogo ambao hata mfadhili akijitoa bado tunafungua pazia: kumbi tatu, siku nne, makundi sita. Na malipo ya kila kundi la nje yawekwe benki kabla ya barua ya mwaliko kutumwa. Sijui kama kuna kanuni nyingine ningeipigania kuliko hiyo.

---

MwalimuWaDrama

Nimewasoma wote tangu asubuhi, nikisahihisha mitihani katikati. Kuna kitu nashangaa hakuna aliyekitaja.

Mnasema Kenya hatuna tarehe isiyosogea kwenye sanaa za jukwaani. Tunayo! Tamasha la drama la shule lilianza 1959. Kila mwaka linapanda kutoka kaunti ndogo, kaunti, mkoa, hadi fainali za kitaifa likizo ya Aprili, na washindi hualikwa kumwigizia Rais. Mwanafunzi yeyote wa Turkana au Taita ukimuuliza nationals huwa lini, atakujibu kabla hujamaliza swali. Nusu ya waigizaji mnaowaona pale National Theatre walianzia huko, wakivaa magunia yaliyokatwa na kupakwa majivu usoni. Mwaka wa juzi mtoto wangu mmoja wa kidato cha pili alicheza bibi kizee. Fimbo yake ikavunjika katikati ya sentensi. Akatazama vipande viwili, akasema "hata wewe umezeeka", akaendelea. Ukumbi mzima ulisimama. Wale watoto hawana pa kwenda wakimaliza shule, na hapo ndipo jiji linapoingia.

Februari wanafunzi wangu wanakuwa tayari wamo mazoezini. Ukiweka mwisho wa Februari, wataona wageni wakati mchezo wao bado ni udongo mbichi, wanaweza kuufinyanga upya. Ukiweka Novemba wako kwenye mitihani.

---

MzeeWaShauriMoyo

Mwalimu, huyo wa fimbo mlete nimwone.

---

FundiTaa

Nimekaa na majibu yenu usiku kucha. Nakubali nilikuja na neno moja na mmeliongezea mwili. Naweka hapa nilichokiandika kwenye daftari, mnirekebishe:

Alhamisi ya mwisho ya Februari hadi Jumapili, kila mwaka, pesa iwepo nyingi au kidogo. Kumbi tatu, na moja iwe Kaloleni kuanzia mwaka wa kwanza. Jenereta ya Kaloleni na taa zake nazileta mimi, bila malipo, kwa miaka mitatu. Alhamisi mchana ni ya shule. Matatu nje ya mlango, zimeandikwa kwenye tiketi. Eastleigh Ramadhani baada ya tarawehe. Mafundi wa wageni wakae siku moja zaidi na mafundi wetu, hili ni la MamaWaMaleba. Malipo benki kabla ya mwaliko.

Mama wa Kampala bado ninayo namba yake. Nitampigia nikishapata stakabadhi ya ukumbi mkononi, si kabla.

---

MwalimuWaDrama

Nitaleta arobaini na watano hiyo Alhamisi. Nahitaji barua rasmi kabla shule hazijafungwa mwisho wa mwaka, ili wazazi watie sahihi na basi la shule liwekwe kwenye bajeti. Mzee, kiti cha safu ya kwanza ni chako.

---

ZamuYaUsiku

Nimeshaomba kubadilishana zamu na mwenzangu kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Amenitaka nimlipe kwa Pasaka mbili. Nimekubali.